Baada ya Kula, Upime Sukari Saa Ngapi?

Na MWANDISHI WETU

NAMBARI 11 ikitokea kwenye kioo cha mashine ya kupimia sukari, watu wawili wanaweza kuisoma kwa njia mbili tofauti kabisa, na wote wawili wawe sahihi. Wa kwanza ameamka tu, hajatia kitu kinywani tangu jana usiku. Kwake 11 ni kengele ya hatari. Wa pili alikula chapati mbili na maharagwe saa moja na nusu iliyopita. Kwake ni sukari iliyopanda kupita mpaka kwa kiasi kidogo, na huenda ikashuka yenyewe kabla hajamaliza kuosha vyombo.

Nambari ni moja. Kinachowatenganisha ni saa.

Hili ni jambo ambalo familia nyingi zinazoishi na kisukari cha aina ya pili hazijapata kuelezwa vya kutosha. Mgonjwa hununuliwa mashine na watoto wake, huonyeshwa namna ya kudunga kidole, kisha huambiwa awe akijipima "mara kwa mara". Lakini mara kwa mara ni lini? Kabla ya chai au baada yake? Na hiyo "baada" huanza kuhesabiwa wakati gani, mtu anapoketi mezani au anapoinuka?

Tuuchukue mtaa wa Kimbo, ulio kando ya barabara kuu ya Thika, ukishaupita mji wa Ruiru ukielekea Juja. (Wasomaji wa mbali wasiudhanie kuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, ingawa majina ni mamoja.) Ni mtaa wa nyumba za kupangisha za orofa nyingi, wanafunzi wa chuo, wachuuzi, na wafanyakazi waendao Nairobi kila siku. Wengi wao hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ili waukwepe msongamano wa magari, na hurudi giza limeshaingia. Kwa hiyo chai hunywewa kazini, chakula cha mchana huliwa kibandani, na ugali wa jioni huiva saa tatu usiku, pengine zaidi.

Mwambie mtu wa ratiba kama hii apime sukari saa mbili baada ya chakula cha jioni, naye atakuuliza kama unataka asilale. Saa mbili baada ya saa tatu ni saa tano usiku, na kesho matatu ya alfajiri haimngoji mtu. Matokeo yake ni kwamba hupima asubuhi tu, kabla ya kula, siku zote. Huona 6 au 7, akafurahi. Kisha huenda kliniki, damu yake inapimwa kile kipimo cha miezi mitatu, na daktari anamwambia sukari yake iko juu. Hapo mgonjwa huona mashine yake inamdanganya.

Mashine haikumdanganya. Ilijibu swali aliloulizwa, na swali lilikuwa moja tu kila siku.

SUKARI HUPANDAJE?

Wanga tunaokula, uwe wa ugali, wali, viazi au mkate, huvunjwa tumboni na kuwa sukari ambayo huingia katika damu. Kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo, huhisi sukari hiyo na kutoa insulini. Insulini ndiyo inayofungua mlango wa seli ili sukari iingie na kutumika. Kwa mtu asiye na kisukari kazi hii ni ya haraka: sukari hufika kilele karibu saa moja tangu aanze kula, kwa kawaida haipiti milimoli 7.8 kwa lita, na baada ya saa mbili au tatu huwa imerudi karibu na ilipokuwa.

Katika kisukari cha aina ya pili kuna mambo mawili yanayoharibika. Seli hukaidi amri ya insulini, na kongosho nalo huchelewa kuitoa. Ule mmiminiko wa kwanza wa insulini, ambao hutakiwa kutoka dakika chache tu baada ya mtu kuanza kula, ni miongoni mwa vitu vinavyopotea mapema kabisa. Ndiyo sababu kilele cha sukari huwa kirefu zaidi, huchelewa kufika, na hukawia kushuka. Kwa watu wengi kilele hicho hutokea kati ya saa moja na saa mbili tangu tonge la kwanza.

Tangu tonge la kwanza, nasisitiza. Makosa mengi huanzia hapa. Watu huhesabu tangu walipomaliza kula, na kwa kuwa chakula cha nyumbani huandamana na maongezi na taarifa ya habari, kumaliza kwaweza kuwa dakika 40 baada ya kuanza. Aliyesema "saa mbili" akawa amepima karibu saa tatu, wakati kilele kimeshapita. Atazame saa anapotia mkono chakulani, aiandike hata kwenye kiganja ikibidi.

Chama cha Kisukari cha Marekani husema kipimo kifanywe kati ya saa 1 na saa 2 tangu kuanza kula, na kwamba watu wazima wengi wasio wajawazito wajitahidi kubaki chini ya milimoli 10 kwa lita wakati huo. Kabla ya kula, shabaha yao ni kati ya 4.4 na 7.2. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2011 kuhusu sukari ya baada ya chakula, lilikuwa kali zaidi kidogo: chini ya 9. Daktari wako anaweza kukupa shabaha nyingine. Mzee wa miaka 80 mwenye maradhi ya moyo hulegezewa kamba, kwani kwake kuanguka kwa sababu ya sukari kushuka ni hatari kubwa kuliko 11 ya baada ya chakula. Mama mjamzito naye hukazwa: hutakiwa abaki chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 saa mbili baadaye.

KWA NINI TUSIPIME ASUBUHI TU?

Sukari ya asubuhi ina habari zake. Hueleza ini lilifanya nini usiku, kwa maana ini huachilia sukari ili mwili upate nguvu ya kuamka, na kwa wenye kisukari huachilia kupita kiasi. Hiyo ndiyo sababu mtu aweza kulala na njaa na bado akaamka na 9, akashuku kuwa kuna mtu anamtilia sukari ndani ya maji. Lakini kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu kilichotokea baada ya wali wa mchana.

Mwaka wa 2003 watafiti wa mji wa Montpellier, Ufaransa, wakiongozwa na Louis Monnier, walichapisha utafiti wao juu ya wagonjwa 290 wa kisukari cha aina ya pili wasiotumia insulini. Walitaka kujua ni sukari ipi inayochangia zaidi kukipandisha kile kipimo cha miezi mitatu. Waligundua kwamba kwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umedhibitiwa vizuri, chini ya asilimia 7.3, sukari ya baada ya chakula ndiyo iliyochangia karibu asilimia 70 ya ziada. Kwa wale waliokuwa juu sana, zaidi ya asilimia 10.2, mambo yaligeuka: sukari ya kabla ya kula ndiyo iliyokuwa mzigo mkubwa, nayo ya baada ya chakula ikabakiwa na kama asilimia 30.

Nionavyo mimi, utafiti huu mmoja ungewafaa wagonjwa kuliko mabango kumi ya hospitalini. Maana yake ni hii. Aliyeanza matibabu juzi, ambaye sukari yake ya asubuhi ni 14, hana haja ya kujisumbua na vipimo vya baada ya chakula kwa sasa. Aishughulikie kwanza ile ya asubuhi pamoja na daktari wake. Lakini yule anayeamka na 6 au 7 kila siku, na bado kipimo cha kliniki kinamsuta, adui yake yumo mezani, na hataonekana asubuhi.

Wala si jambo la nambari kwa ajili ya nambari. Uchunguzi mkubwa wa DECODE uliofanywa Ulaya, uliochapishwa mwaka wa 1999 na kuhusisha zaidi ya watu 25,000, ulionyesha kwamba sukari ya saa mbili baada ya kunywa glukosi ilitabiri vifo vizuri zaidi kuliko sukari ya kabla ya kula. Mishipa ya moyo, macho, figo na nyayo haijui kwamba ulipima asubuhi ukapata 6. Inajua tu sukari iliyopitia humo mchana kutwa.

CHAPATI HAIENDI MBIO KAMA MKATE

Msomaji makini atauliza: kwa nini kusemwe saa moja hadi mbili, mbona isitajwe dakika moja kamili? Ni kwa sababu vyakula havisafiri kwa mwendo mmoja.

Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na mkate mweupe huingia katika damu kama matatu iliyoona polisi hawapo. Ukipima saa mbili baadaye huenda ukakuta kilele kimekwisha pita, ukajipongeza bure. Kwa kifungua kinywa cha aina hii, kipimo cha saa moja husema kweli zaidi. Uji nao ni vivyo hivyo, hata ukiwa wa wimbi. Wengi huamini kwamba kwa kuwa unga ni mweusi basi sukari haimo. Nafaka yoyote iliyosagwa laini na kupikwa ikawa majimaji humeng'enywa upesi, iwe nyeupe au nyeusi, na bakuli kubwa la uji wa wimbi linaweza kumshangaza aliyelinywa kwa imani.

Githeri ni habari nyingine. Maharagwe yana nyuzinyuzi na protini zinazolichelewesha tumbo, na mahindi mazima yasiyosagwa huvunjika polepole. Sukari hupanda kwa utaratibu. Viazi vitamu vya kuchemsha pia huwa vya upole kuliko vile vilivyochomwa au kuokwa, ingawa kiazi ni kile kile.

Chapati, pilau, chipsi na kuku wa kukaangwa ndivyo vyenye hila. Mafuta hulichelewesha tumbo kutoa chakula, kwa hiyo sukari haipandi upesi. Saa moja baadaye waona 8, ukaitisha chapati ya tatu. Kilele kinakuja saa mbili na nusu au hata saa tatu baadaye, na kikishakuja hukaa. Kwa chakula cha mafuta mengi, ni vyema angalau mara moja upime saa mbili na tena saa tatu, uone mwili wako unavyofanya. Ukishajua, hutahitaji kupima kila unapoiona chapati.

Hapo ndipo Jumapili inapofaa. Kwa watu wa Kimbo na mitaa kama hiyo, Jumapili ndiyo siku pekee ambapo chakula cha mchana huliwa nyumbani, kwa utulivu, na kwa wingi. Watu wamerudi kutoka kanisani, jamaa wamekuja, sufuria la pilau liko mezani saa nane. Saa kumi jioni bado wote wako macho, wanazungumza. Hakuna wakati bora zaidi wa kupima. Na kwa kuwa chakula cha Jumapili ndicho kizito kuliko vyote vya wiki, kipimo chake ndicho kitakachokuonyesha ukomo wa mambo.

Kwa chakula cha usiku, asiyeweza kungoja saa tano apime saa moja au saa moja na nusu tangu aanze kula. Kipimo hicho kinafaa, mradi kiandikwe kuwa ni cha saa moja, kisichanganywe na vya saa mbili. Jambo baya ni kupima leo baada ya dakika 50, kesho baada ya saa tatu, kisha kuzilinganisha nambari kana kwamba ni za ndugu wa tumbo moja.

VIJITI NI PESA

Tuzungumze kuhusu pesa, maana huko ndiko ushauri mwingi wa madaktari unakogonga mwamba. Mashine hununuliwa mara moja. Vijiti vya kupimia, vile vipande vidogo vinavyotiwa tone la damu, hununuliwa maisha yote, na kila kimoja hutumika mara moja tu. Familia ambayo inalipa kodi ya nyumba, karo na nauli haiwezi kupima mara saba kwa siku, na haifai kuambiwa hivyo.

Habari njema ni kwamba hata haihitajiki. Mwaka wa 2017 matokeo ya utafiti uliofanywa katika jimbo la North Carolina, Marekani, juu ya wagonjwa 450 wa kisukari cha aina ya pili wasiotumia insulini yalionyesha kwamba waliojipima kila siku kwa mwaka mzima hawakuwa na nafuu iliyo wazi kuliko wale ambao hawakujipima kabisa. Baadhi ya watu walilishika hilo wakasema mashine hazina kazi. Lakini utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka wa 2011, uliohusisha wagonjwa 483, ulisema jambo tofauti. Humo wagonjwa walipima mara saba kwa siku kwa siku tatu tu kabla ya kumwona daktari kila baada ya miezi mitatu, wakaandika walichokula, na daktari akaketi nao kuisoma karatasi. Hao walipata nafuu zaidi ya wenzao.

Tofauti ilitokana na kwamba kundi la pili lilikuwa na swali, na palikuwa na mtu wa kulijibu. Kujipima kila asubuhi, kuangalia nambari, kuguna na kuirudisha mashine kabatini ni kuzitupa pesa.

Mpango unaoweza kumfaa mtu wa mfuko mdogo ni wa vipimo viwili viwili: kimoja kabla tu ya kula, cha pili saa mbili baadaye, kwa mlo mmoja. Tuseme mama mwenye duka Kimbo anaanza Jumatatu na kifungua kinywa, Jumatano chakula cha mchana, na Jumapili kile kizito. Hivyo ni vijiti 6 kwa wiki. Kikopo cha vijiti 25 kitampeleka wiki nne, na kimoja cha dharura kitabaki.

Faida ya vipimo viwili ni kwamba unaiona tofauti. Akianza na 6.5 na kumaliza na 8.5, mlo umepandisha 2, na hilo si baya. Akianza na 6.5 akaishia na 12, mlo ule umepandisha zaidi ya 5, na lazima auangalie. Kwa kawaida ongezeko linalozidi 3 hustahili kuulizwa maswali. Lakini akianza na 11 na kumaliza na 12.5, chakula hakina hatia kubwa. Sukari ilikuwa juu kabla hajala, na hilo ni la kuzungumzwa na daktari kuhusu dawa. Angepima mara moja tu, baada ya kula, angeulaumu ugali bure.

Na akiona 12, afanye nini? Asiongeze dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Arudie mlo ule ule siku nyingine, abadilishe kitu kimoja, apime tena. Apunguze ugali uwe kama ngumi yake, na nafasi iliyobaki aijaze sukuma wiki. Au aanze na mboga na nyama, ugali uje mwisho. Watafiti wa New York walijaribu mpango huu mwaka wa 2015 kwa wagonjwa 11 tu, kundi dogo kweli, lakini sukari ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi moja saa moja baada ya kula, kwa chakula kile kile, ila mpangilio tu ulibadilishwa. Au atembee. Katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wagonjwa 41 waliotembea dakika 10 baada ya kila mlo walikuwa na sukari ya baada ya chakula iliyo chini kwa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote. Baada ya chakula cha jioni tofauti ilifika asilimia 22. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2016. Najua kutembea mtaani saa tatu na nusu usiku si jambo la kumshauri kila mtu, lakini ngazi za nyumba za orofa zipo, na kuosha vyombo ukiwa umesimama kunazidi kuketi mbele ya televisheni.

ANAPOKUJA MHAMASISHAJI MLANGONI

Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa, ikiwemo mashine ya kupimia sukari na ya shinikizo la damu. Ilikuwa hatua kubwa. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015, karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja.

Ila hapa pia saa ni muhimu. Mhamasishaji hubisha hodi anapofika, na wewe huenda umemaliza chai dakika 30 zilizopita. Mwambie ulikula nini na saa ngapi, umwombe aandike. Ikiwa ni 9 baada ya chai na mandazi, kipimo hicho hakithibitishi kisukari na wala hakikiondoi. Kinaitisha kipimo cha asubuhi kabla ya kula. Ikiwa ni 11.1 au zaidi, na umekuwa ukisumbuliwa na kiu, kukojoa mara nyingi au kukonda, nenda hospitalini bila kungoja. Kwa wakazi wa eneo hili, hospitali za umma za Ruiru na Thika haziko mbali.

Kuna makosa madogo ya mikono yanayoharibu kipimo chochote, na la kwanza ni matunda. Barabara ya Thika ni barabara ya mananasi. Mtu akimenya nanasi au embe kisha akadunga kidole bila kunawa, mashine hupima sukari ya tunda iliyo kwenye ngozi. Utafiti uliofanywa Japani ulionyesha kwamba hata pamba yenye spiriti haiiondoi yote. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, kisha udunge ubavuni mwa kidole, ambako hakuumi sana kama kwenye ncha. Maji yakikosekana, kama yanavyokosekana mara nyingi katika nyumba zetu za kupanga, lipanguse tone la kwanza na utumie la pili. Vijiti vikae ndani ya kikopo chao kilichofungwa, mbali na jiko na mvuke, na tarehe ya mwisho iangaliwe.

Usibishane na mashine kwa nusu nambari. Kanuni za kimataifa za mwaka wa 2013 zinaziruhusu kukosea kwa hadi asilimia 15, kwa hiyo 10 yaweza kuwa 8.5 au 11.5. Vipimo vitatu vya mlo mmoja vikikubaliana, ndipo una neno la kusema.

WANAOPASWA KUJIHADHARI

Yote haya yanawahusu zaidi wanaotumia chakula na vidonge kama metformini, ambavyo peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Wanaodungwa insulini, au wanaomeza glibenklamidi na dawa za jamii yake, wana hatari nyingine: sukari kuanguka chini ya 4. Hii haitokei saa mbili baada ya kula kwa kawaida. Hutokea mlo unapochelewa, baada ya kazi nzito, au usiku wa manane. Kwa hivyo wao wasiviache vipimo vya kabla ya kula na vya kabla ya kulala kwa sababu ya makala haya, na wapime wakati wowote wanapotetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa. Ikiwa chini ya 4, vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Kondakta, fundi wa ujenzi au mwendeshaji bodaboda anayetumia dawa hizi asitoke bila sukari mfukoni.

Kuna jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Mashine ya kwanza ya kupimia sukari iliyouzwa, mwaka wa 1970 huko Marekani, ilikuwa na uzani wa zaidi ya kilo moja, na iliuzwa kwa madaktari na hospitali pekee. Mhandisi mmoja aliyeitwa Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni, aliipata kwa sababu mkewe alikuwa daktari na aliiagiza kwa jina lake. Alijipima mara kadhaa kwa siku, kabla na baada ya kula, akaona mambo ambayo madaktari wake hawakuwa wameyaona. Majarida ya kitabibu yalizikataa makala zake. Mwishowe aliingia chuo cha udaktari akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 ili asikilizwe.

Mashine hiyo leo inaingia mfukoni. Iliyobaki ni daftari: tarehe, saa ya tonge la kwanza, chakula chenyewe na ukubwa wake, nambari ya kabla, nambari ya baada, na kama ulitembea. Ukienda kliniki, lipeleke. Na ikiwa mashine uliyoletewa na jamaa kutoka ng'ambo inakuonyesha 162 badala ya nambari ndogo hizi tunazotaja, usizirai. Hiyo inapima kwa miligramu, kama ilivyo desturi ya Marekani. Igawanye kwa 18, utapata 9.